Dodoki Lililoshika Nyama

Habona mwanangu,

Umekwenda kuwaaga wenzako wa kwaya, na baba yako yuko Garsen anakukatia tikiti ya basi la Mombasa. Nyumba ni kimya. Nimekaa mezani na daftari lako la zamani, lile la jiografia, ambalo kurasa zake za nyuma hukuziandika. Nina nafasi mpaka jua litue. Sitakuandikia jinsi ya kufunga sanduku wala chakula cha njiani. Hayo nimeyasema kwa mdomo, na utakuwa umeyachoka kabla hujafika Malindi. Nataka kukuandikia juu ya mguu wako wa kushoto.

Najua utashangaa. Kovu lile tumelizungumza miaka yote. Umeliandika kwenye insha iliyokupatia zawadi kidato cha tatu, na umelisimulia mbele ya wazee wa kanisa walipokaa kuamua kama watakusaidia kwenda chuo kikuu. Unalisimulia vizuri, kwa sauti ya chini, nami kila mara nimekuwa nikiangalia sakafu. Unasema ulipokuwa na miaka sita uliungua, bibi yako akakuwekea dodoki kwenye kidonda kwa kutojua, likashikana na nyama, nusura upoteze mguu; na ndiyo sababu unataka kusomea namna mwili unavyojitengeneza upya.

Si bibi yako aliyeliweka. Ni mimi.

Baada ya kuandika hayo niliinuka nikaenda kuchota maji ambayo hatukuyahitaji. Nimerudi, na maneno bado yapo. Basi niendelee.

Nilikuwa na miaka ishirini na minne. Nilikuwa nimesoma mpaka kidato cha pili, nikaacha kwa sababu yako, ingawa hukuwa na kosa. Mwalimu wangu wa sayansi ya nyumbani alinifundisha kwa uangalifu mkubwa. Alitufundisha kuchemsha maji na kuyahesabia dakika, kunawa mpaka kwenye viwiko, kufunika kidonda kwa kitambaa cheupe kilichochemshwa, na kuandika kila hatua kwa mwandiko ulionyooka. Niliingia nyumba ya wakwe nikiwa na mwandiko mzuri na kichwa kilichojaa usafi. Bibi yako hakujua hata kuandika jina lake. Alinipokea vizuri, akaniachia jiko lake, na mimi moyoni nikawa namwona kama mtu wa kusaidiwa. Hiyo ndiyo mbegu ya yote, Habona. Haikuwa ukatili. Nilijiona nimefundishwa na yeye hakufundishwa.

Ulikuwa msimu wa kupura mpunga. Unajua makapi yanavyochomwa: lundo linageuka jivu juu, jeusi na kimya, na ndani moto unakaa siku mbili au tatu bila moshi. Kila mama wa hapa humwekea mwanawe mpaka, asikaribie. Mimi sikuuweka. Nilikuwa napepeta huku nikizungumza na wanawake wenzangu, wewe ukamfukuza mwanakuku, ukapita juu ya lundo. Mguu ulizama mpaka chini ya goti.

Bibi yako ndiye aliyefika kwanza. Alikuinua, akakuweka mguu ndani ya mtungi wa maji ya kunywa, akakushikilia humo muda mrefu huku akikuimbia, mpaka kilio kikawa kwikwi. Watu wa vijiji vingine walikuwa wakimletea watoto walioungua. Ilikuwa kazi yake kama vile wengine wanavyosuka mikeka. Alikuwa na utaratibu. Maji yaliyochemka na kupoa. Asali nyembamba. Kisha jani changa la mgomba, lile la katikati ambalo halijafunguka sawasawa, analipitisha juu ya moto mpaka ling'ae, analilaza juu ya kidonda upande laini. Kila asubuhi jani jipya. Jani halikushika kitu. Lilitoka kama linavyotoka kwenye mkate wa ndizi.

Siku ya nne akaitwa msibani Kilelengwani. Dada yake alikuwa amefiwa. Kabla ya kwenda alinionyesha tena kila kitu, polepole, kama anavyoonyeshwa mtoto, na hilo liliniudhi. Akasema jambo ambalo nililicheka kimoyomoyo.

"Mama Habona, usiweke kitu chenye nyuzi. Nyama changa ina mikono. Ukiipa uzi, itaushika."

Nilimwitikia kwa heshima zote. Alipopanda mtumbwi nilirudi ndani, nikautazama mguu wako uliofungwa jani na kamba ya mgomba, na nikaona aibu. Niliwaza mwalimu wangu akipita na kuniona, mwanafunzi wake, nimemfunga mwanangu majani kama samaki wa kuokwa. Bandeji hatukuwa nazo, na pamba ilikuwa dukani, mbali. Lakini kwenye ua kulikuwa na madodoki yaliyokauka, yale ya nyuzi tunayosugulia mwili.

Nilichagua moja zuri. Nililimenya, nikalipiga mpaka mbegu zikatoka, nikaliosha kwa sabuni mara tatu, nikalichemsha na kuhesabu dakika. Nikalikata kipande chembamba. Lilikuwa jeupe, jepesi, safi kuliko kitu chochote kilichokuwa ndani ya nyumba ile. Nikakuwekea ukiwa umelala, baba yako akiwa shambani, nikafunga kwa ukanda wa kanga. Nilifurahi, mwanangu. Sitakuficha hata hilo. Nilijiona nimefanya mtihani nikashinda.

Kesho yake nilipotaka kulibadilisha lilikuwa limegusa. Ulilia. Nikasema, liache lipumzike. Siku ya pili yake nilivuta pembeni kidogo, ukapiga kelele mpaka jirani akaja kuchungulia uani, nami nikaacha tena. Wakati huo mto ulikuwa umefura na mitumbwi haikupanda kutoka chini, kwa hiyo bibi yako hakurudi siku aliyosema. Nilipochungulia siku ya sita tangu niliweke niliona kitu ambacho mpaka leo nakiona nikifumba macho. Nyama nyekundu, yenye chembechembe kama punje za mtama, ilikuwa imepanda ndani ya matundu ya dodoki. Ilikuwa imeshika kila uzi. Sehemu nyingine huwezi kusema hapa ni dodoki na hapa ni mtoto wangu.

Na chini yake palikuwa pananuka. Ulikuwa na homa.

Baba yako alikubeba mgongoni mpaka barabarani, tukapata lori la kwenda zahanati. Nilivaa gauni langu la kanisani; sijui kwa nini. Palikuwa na watu wengi kwenye benchi, wengine wa kwetu kabisa. Dresa, yule mfunga vidonda wa zahanati, alifungua ule ukanda wa kanga, akatazama, akaniuliza kwa sauti ambayo benchi lote lilisikia.

"Nani ameweka takataka hii?"

Habona, nimefikiria swali hilo kwa miaka kumi na mitatu. Lilikuwa na jibu la neno moja. Nilikuwa na Kiswahili kizuri, gauni safi, na mwandiko wa shule. Nikasema, "Ni bibi yake."

Aliniamini papo hapo. Hata hakunitazama mara ya pili. Alisema wazee hawa watatumalizia watoto, na kwamba mama kama mimi, aliyesoma, hapaswi kuwaachia. Kisha akashika ncha ya dodoki akavuta. Lilitoka na nyama. Baba yako alikuwa nje akiniangalia kupitia dirishani, akasikia jibu langu, akasikia na sauti yako. Kovu unalolifunika kwa soksi ndefu halikutokana na moto, mwanangu. Kidonda cha moto kilikuwa kimeshaanza kupona chini ya majani ya bibi yako. Lilitokana na kuvutwa kule.

Maneno yalifika kijijini kabla yetu, kwamba bibi aliliweka kabla ya kwenda msibani. Mto uliposhuka bibi yako alirudi, akateremka kwenye mtumbwi, na wanawake waliokuwa wakifua hawakumwitikia salamu sawasawa. Alikuja mpaka mlangoni. Baba yako, ambaye hajawahi kumpandishia mama yake sauti, alimpandishia siku ile. Mimi nilikuwa nimekupakata. Nilingoja aseme, "Sikuweka mimi." Nilikuwa hata nimeandaa la kumjibu. Alinitazama tu, akautazama mguu, akauliza, "Analala usiku?"

Nikasema unalala.

Baadaye tulipobaki wawili jikoni alianza kukunja mkeka wake. Nilijishughulisha na kuni. Yeye ndiye aliyesema, bila hasira, kama anayenielekeza penye chumvi. "Mtoto asiyemwamini mama yake ataupeleka wapi ugonjwa wake? Mimi nina siku chache naye. Wewe una nyingi." Akaenda kuishi Kulesa kwa mdogo wake, na yuko huko mpaka leo.

Sasa unajua kwa nini kila ulipokwenda kwake Krismasi nilipata sababu ya kubaki. Na unajua kwa nini, alipotaka kuutazama mguu wako ulipokuwa darasa la nne, ukauvuta na kujificha nyuma yangu, mimi sikukukemea. Nilikuona ukimwogopa bibi yako kwa kosa langu, na nikakushika bega.

Ningependa kusema ubaya uliishia kwetu. Haukuishia. Watu waliacha kumpelekea watoto. Wakati wa mafuriko makubwa, miaka miwili iliyopita, barabara ilipokatika na hakuna aliyeweza kufika zahanati yoyote, yule binti wa jirani yetu wa ng'ambo alimwagikiwa uji wa moto kiganjani. Kulesa palifikika kwa mtumbwi. Nilimwendea mama yake nikamwambia ampeleke kwa bibi yako. Akanitazama kwa mshangao, akasema, "Wewe ndiwe wa kuniambia hivyo, Mama Habona?" Ningeweza kumjibu kwa nini. Nikarudi nyumbani. Umeuona mkono wa yule msichana ulivyojifunga kama ngumi. Unamwonea huruma na kumbebea ndoo. Mimi nikimwona nabadilisha njia.

Nisingeandika hata leo, nakiri, kama si Jumapili iliyopita. Ulikuja na zile karatasi mwalimu wako wa biolojia alizokutolea nakala, ukatusomea baada ya chakula. Ulikuwa na furaha kiasi kwamba ulisahau kula samaki wako. Ulituambia mwilini mna seli changa ambazo bado hazijaamua zitakuwa nini, ngozi au mfupa au mshipa, na mnaziita seli shina. Baba yako akasema hata yeye alikuwa hivyo alipokuwa na miaka ishirini, ukamcheka. Ukasema seli hizo zenyewe tu zikimwagwa kwenye jeraha kubwa hutawanyika, hazijui pa kusimama. Na kwamba huko nje kuna watu wanaojaribu kuzipa kiunzi kilichotengenezwa kwa mimea, kwa mwani wa baharini au kwa kile kitu kinachoufanya mti usimame, selulosi. Baba yako hakuelewa. Ukamwonyesha ukuta wetu. Ukasema, "Baba, udongo mtupu hausimami. Unatangulia kufunga fito, ndipo unakandika. Fito ni mmea, udongo ni seli." Akaelewa, na mimi nikaelewa zaidi yake.

Ukaendelea kusema kwamba kazi ngumu ni kupata kiunzi ambacho nyama itakishika bila kuoza wala kuwaka homa, na vizuri zaidi kama chenyewe kitayeyuka nyama ikishapata nguvu, kisihitaji kuvutwa. Kisha ukacheka, ukaugusa mguu wako.

"Kumbe bibi aliwatangulia maprofesa. Ila wao huosha kwanza."

Baba yako alicheka. Mimi nilitoka kwenda kutazama sufuria ambayo haikuwa motoni.

Lilikuwa limeoshwa, Habona. Mara tatu kwa sabuni, na maji yenye kuhesabiwa dakika. Na bibi yako hakuwatangulia kwa dodoki. Yeye alilikataa, kwa sababu alikuwa ameona kwa macho yake hicho wanachokitafuta: kwamba nyama changa ina mikono. Alikijua akakiogopa, kwa kuwa hakuwa na njia ya kukitoa tena. Mimi niliyesoma sikukijua. Katika hadithi yako umempa ujinga wangu, na Jumapili ukamwongezea na uchafu, na yeye hakuwa na hata kimoja.

Nakujua, utataka kunitetea. Utasema, Mama, kumbe ulikuwa karibu na jambo la kweli. Usifanye hivyo. Wale wa kwenye karatasi zako wanajaribu kwanza kwa wanyama, wanapima, na ulinisomea mwenyewe pale walipoandika kilichowaharibikia, kwa maneno wazi, ili mwingine asirudie. Nilipolisikia fungu lile nilitamani ardhi inimeze. Watu wamekosea na wameandika kosa lao mahali ambapo hata binti wa Tana ataweza kulisoma. Mimi nilikosea nikampa kosa mwanamke asiyejua kuandika.

Katika kazi utakayokwenda kuifanya utakosea. Kitu kitashikana mahali usipotaka, na mtu atalia ukikigusa, nawe utasema kiache kipumzike. Nilifanya hivyo siku sita kwa dodoki na miaka kumi na mitatu kwa uongo. Kosa la kwanza lingetoka kwa maji ya vuguvugu siku ya kwanza. Na ukiulizwa ni nani, jibu kabla hujavuta pumzi ya pili. Hiyo ya pili ndiyo inayokuja na akili zote.

Kilichonichelewesha kukuambia si woga wa fimbo ya mtu. Ni kwamba hamu yako yote ya elimu imeota juu ya hadithi ile. Uongo wangu ndio fito zako. Nyama nzuri kabisa, safi, imepanda ndani ya matundu yake, na mimi niliyeuweka naogopa kuuvuta, kwa kuwa najua utatoka na nini. Nilikaa na hofu hiyo Jumapili na Jumatatu. Jumanne nilimwambia baba yako nakwenda Garsen kununua kitambaa. Sikwenda Garsen. Nilipanda pikapu ya Kulesa.

Bibi yako sasa haoni vizuri. Alinijua kwa hatua zangu. Nilipiga magoti penye mlango, nikamwambia nimekuja kumwomba msamaha na ruhusa. Kwamba nataka kukuambia, nami naogopa utaondoka umeumia, ukiwa peke yako ugenini, bila mama wa kumwamini. Aliendelea kuchambua mchicha kwa vidole. Halafu akauliza kama umekuwa mrefu. Nikamwambia umenipita. Akasema, "Basi amekwisha kuwa na nguvu za kusimama." Na nilipodhani amemaliza, akaongeza, kwa sauti ileile ya kuelekeza kazi: "Kikiwa kimeshikana, hakivutwi. Loweka kwanza. Kaa naye. Kitaachia."

Ndiyo maana naandika badala ya kukuambia leo kwa haraka huku umeshika sanduku. Isome polepole. Ukinikasirikia, nikasirikie kwa muda unaoutaka; nitakuwa hapa na nitajibu kila swali, hata ukiniuliza lilelile mara kumi. Jioni hii baba yako akirudi nitamweleza yeye, na Jumapili, kabla ya mahubiri, nitaomba kusimama. Kisha nitakwenda kwa mama wa yule msichana mwenye mkono uliojifunga. Sijui atanijibu nini, wala sidai anijibu.

Natumaini, kwa sauti ndogo sana, kwamba utakwenda na kusoma vilevile. Kwamba utakapoandika tena juu ya mguu wako utaandika jina la aliyesema nyama changa ina mikono. Anaitwa Hadija binti Maro. Mimi ndiye nitakayemfundisha kuliona jina lake likiwa limeandikwa, macho yake yakiruhusu.

Nasikia mnaimba huko njiani, mnarudi, kwa hiyo nitakunja daftari hili na kuliweka chini ya mto wako.

Kesho bibi yako atakuwa kituo cha basi. Nimempangia usafiri, na amesema atafika kabla ya askari wa kusindikiza mabasi. Hatakuambia neno juu ya haya, namjua, na wewe huhitaji kumwambia. Huna haja ya kunisemesha hata mimi, kama huwezi. Lakini ukae naye kwenye benchi la kituo, uvue soksi, uuweke mguu wako mapajani mwake. Ameungoja tangu siku ya nne.

Ni mimi mama yako, niliyeliweka.